Msaada wa haraka: Neverfull, Chanel au Prada? Binamu anarudi Jumapili kutoka Dubai

Baba_Naima
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumchukulia mama Naima pochi moja ya maana, miaka kumi ya ndoa si mchezo. Binamu yangu yuko Dubai, amenipa chaguo tatu: Louis Vuitton Neverfull, Chanel nyeusi yenye mnyororo, na Prada ya mkononi. Anasema zote oriji, zote ngozi tupu. Mimi shida yangu ni ngozi halisi na idumu. Nichukue ipi?

Kisu_Kikali
Bajeti? Mpya au imetumika? Anainunua dukani au kwa mtu? Picha ziko wapi? Unataka tukuchagulie mchumba bila hata kuonyeshwa kivuli chake.

ShangaziTanga
Mwanangu, na mama Naima ataibeba wapi? Harusini mara mbili kwa mwaka, au kila siku kwenye daladala? Tuanzie hapo.

Mwanakwetu254
Prada. Mjadala umeisha. Yangu ni ya saffiano, nimetembea nayo Nairobi miaka sita, mvua ya Aprili imeinyeshea, haijapata hata mkwaruzo.

FundiNgozi
Mkuu Baba Naima, kabla ya kuchagua ujue kitu kimoja. Neverfull ile ya kahawia yenye maua na herufi LV mwilini si ngozi. Ni kanvasi iliyopakwa PVC. Ngozi iko kwenye mishikio, mikanda ya pembeni na kingo. Hiyo wanaiita vachetta: ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa maganda ya miti, juu haijapakwa kinga yoyote. Inaanza na rangi ya krimu, jua na jasho la mikono vinaigeuza asali, baadaye kahawia. Zipo Neverfull za ngozi mwili mzima, lakini bei yake ni nyingine. Kwa hiyo binamu akisema "ngozi tupu", ama hajui, ama anakujua wewe.

Kisu_Kikali
Subiri kwanza. Watu wanatoa mamilioni kwa plastiki?

FundiNgozi
Na wanapanga foleni. Ua hilo la Monogram lipo tangu 1896, mkuu, hawanunui ngozi pale. Ila tusiidharau kanvasi yenyewe, ni ngumu kuliko ngozi nyingi ninazozishona.

BintiMuscat
Jamani, mmenitonesha kidonda.

Mwaka 2014 nilikuwa Muscat, nafanya kazi nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima, roho safi kabisa. Nilipomaliza mkataba akanipa Speedy yake ya Louis Vuitton, na risiti ya dukani imekunjwa mfuko wa ndani. Nikarudi nayo nyumbani, nimeivaa kwenye arusi ya mdogo wangu, najiona malkia.

Shemeji yangu mmoja, bingwa wa kila kitu, akasema lete tuipime. Akatoa kiberiti. "Ngozi haishiki moto, feki inayeyuka." Kabla sijaivuta, kashagusisha kona ya chini. Ikayeyuka. Moshi mweusi, harufu ya ndoo iliyoungua. Ukumbi mzima ulicheka, mpaka bibi harusi. Risiti nilipoitoa wakasema nayo imechapishwa Kariakoo. Niliona aibu kiasi kwamba wiki ileile nilimuuzia jirani kwa elfu arobaini, nikashukuru kuiondoa machoni.

Miaka mitatu baadaye nikakutana na dada mmoja Dar anayeuza pochi kama hizo zilizotumika. Nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Huyo jirani bado yupo?" Ndiyo nikaelezwa hayo aliyoandika FundiNgozi hapo juu, kwamba kanvasi ile lazima iyeyuke. Nilipopita kwa jirani nikakuta binti yake anabebea daftari za chuo, mishikio imeiva rangi ya asali, na ile kona imebandikwa kiraka cha kaki. Nikawasalimia, nikaenda zangu.

Shemeji sijamwambia hadi leo.

ShangaziTanga
Pole mama. Huyo shemeji angekuwa wangu angekula ubao wa kiti.

Kisu_Kikali
Lakini kwa ngozi yenyewe kiberiti kinafanya kazi. Halisi inanuka nywele zilizoungua. Tangu utoto tunajua.

FundiNgozi
Ngozi mbichi, ndiyo. Ngozi ya dukani ina rangi na kinga juu, hiyo ndiyo inayoungua kwanza. Saffiano ya Mwanakwetu ni ngozi ya ndama iliyogandamizwa kwa mashine hadi ikatoka mistari inayopishana, kisha ikapakwa kinga. Ukiichoma utanusa kila kitu isipokuwa nywele. Tone la maji nalo ni hivyohivyo: vachetta italinywa na kubaki na doa, saffiano litateleza kama kwenye jani la mgomba. Zote mbili ni ngozi. Msichome pochi za watu.

Baba_Naima
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Bajeti dola 900, binamu anasema yoyote kati ya tatu atanipatia kwa hiyo hela. Anamjua mtu. Neverfull ilinunuliwa mpya 2023, ina kadi ya uthibitisho na ndani kuna kipande cha ngozi kimeandikwa AR6187. Chanel ni ngozi ya mwanakondoo, laini sana. Prada hajasema kitu. Mama Naima ni mwalimu, anabeba daftari za wanafunzi.

Mzee_wa_Namba
Ahsante kwa namba. Kwa Louis Vuitton za kuanzia 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. AR6187 inakupa mwaka 2017, wiki ya 68. Mwaka una wiki ngapi kwenu?

Halafu tangu 2021 waliacha namba hizo, wanaweka chipu ndani. Pochi iliyotengenezwa 2023 haina namba. Na Louis Vuitton hawatoi kadi ya uthibitisho. Kadi ndiyo iliyoniharibia siku.

Kisu_Kikali
Wiki ya 68 😂😂 huko Krismasi ni mara mbili.

Mwanakwetu254
Na Chanel kwa dola 900? Ile yenye kifuniko na mnyororo, saizi ya kati, dukani imepita dola 10,000. Hata iliyotumika haiwezi kushuka hivyo.

Mzee_wa_Namba
Chanel wao kadi walitoa kweli, namba yake inalingana na stika iliyo ndani, hadi 2021 nao wakahamia chipu. Lakini kadi ni kitu rahisi kuiga. Namba 10218184 imezagaa kwenye Chanel feki za dunia nzima, ukiiona kimbia. Namba mbaya inakuonyesha feki. Namba nzuri haikuhakikishii kitu.

ShangaziTanga
Na mwalimu abebe daftari kwenye ngozi ya mwanakondoo? Ukucha tu unaichora. Kama ni Chanel, atafute ile waiitayo caviar, ngozi ya ndama yenye vipele vidogo, hiyo inavumilia. Na yeyote anayekaa pwani asisahau ukungu. Mie Tanga, pochi nikiifungia kabatini mwezi mmoja naikuta imeota ndevu.

Kisu_Kikali
Hivi kwa nini tunahangaika na Wazungu? Ng'ombe tunao, mafundi tunao. Nunua pochi ya ngozi ya hapa, imeandikwa kabisa "genuine leather", laki mbili unarudishiwa chenji.

FundiNgozi
Mimi ndiye huyo fundi wa hapa, na nakwambia maandishi hayo usiyaabudu. Ngozi ya ng'ombe ni nene, inapasuliwa matabaka. La juu lina vinyweleo na nyuzi zilizoshikana, ndilo linalodumu. La chini ni nyuzi legelege, wanalipaka plastiki na kuligandamizia mchoro, nalo linaruhusiwa kuitwa ngozi halisi. Tazama ukingo uliokatwa na vitundu vya vinyweleo. Vikiwa vimepangwa sawasawa kama askari wa gwaride, hiyo ni mashine. Usindikaji wa mimea wala si mgeni kwetu, miwati ya Njombe maganda yake hutoa dawa hiyohiyo ya kusindikia ngozi. Tunachokosa ni zipu nzuri na subira.

Kisu_Kikali
Kwa hiyo unakubaliana na mimi.

FundiNgozi
Sijasema hivyo.

Baba_Naima
Nimemuuliza binamu kuhusu wiki ya 68. Anasema ni kosa la kiwanda.

BintiMuscat
😂 Huyo binamu na shemeji yangu wakutanishwe.

Mwanakwetu254
Kaka, rudi kwenye Prada. Dola 900 kwa saffiano iliyotumika inawezekana kabisa. Mwambie apige picha ya nembo kwa karibu, atazame herufi R, mguu wake una mkato mdogo pale unapoanzia. Picha ya zipu kwa nyuma pia, na mshono wa ndani kwenye kona.

Mzee_wa_Namba
R nayo wanaiiga siku hizi. Aende dukani au kwa muuzaji anayetoa risiti na kukubali kurudishiwa mzigo.

Baba_Naima
Nimemwomba picha za Prada tangu saa nne. Simu haipatikani.

ShangaziTanga
Hela umeshatuma?

Baba_Naima
Nusu.

Kisu_Kikali
Innalillahi.

Mama_Collins
Habari zenu. Naona humu kuna mafundi. Kalamu imenivujia ndani ya pochi na wino umetokea nje, nimepaka spiriti rangi imetoka pamoja na wino. Nifanyeje?

FundiNgozi
Dada, ni ngozi gani? Ina rangi gani? Na hiyo spiriti uliisugua mara ngapi? Weka picha.