Tupeane uzoefu: Mnyama wako kwenye gemu umemkuzaje?

Mdau wa Kirumba:
Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za magari na silaha tunazo za kutosha, leo naomba tuongelee wanyama. Farasi, mbwa, tai, yeyote anayetembea na wewe kwenye gemu la ramani kubwa na unayeweza kumkuza. Mwanza tunacheza wengi, majumbani na vibandani, na kitu kinachoniuma ni kuona kijana anampanda farasi, anamkimbiza mpaka anadondoka, akifa anachukua mwingine kana kwamba hakuna kilichopotea.

Kilichopotea ni kingi. Naanza na Red Dead Redemption 2, lile la Oktoba 2018. Mle ndani ukaribu wako na farasi una levo 4, na hakuna duka linalouza hata moja. Tandiko zuri utanunua, vikuku vizuri vya kukanyagia utanunua na spidi itaongezeka kweli. Lakini ukaribu unapanda kwa kumpanda, kumlisha, kumpigapiga shingoni, kumpiga brashi, hata kumshika hatamu mkatembea wote kwa miguu. Kila levo inamwongezea afya na pumzi. Ya 2 anajua kusimama kwa miguu ya nyuma, ya 3 anakata kona ya ghafla huku anateleza, na hiyo imeniokoa kwa wanaonifukuza mara nyingi tu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni brashi. Umetoka kwenye matope, unashuka, unaanza kumsugua ubavuni, na tope linaondoka kwa vipande mpaka rangi yake inarudi. Wengi wanadhani ni mapambo. Farasi mchafu nguvu zake hupungua, kwa hiyo ule usafi ni kazi kabisa. Ukikosa muda, mvushe mtoni, maji nayo yanamsafisha.

Karibuni. Kila mtu aseme wake.

Ngosha wa Magu:
Mwangaluka wakuu. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, kwa hiyo gemu hili liliponifikia nilijiona niko nyumbani.

Kwetu maksai mpya hafungwi jembe siku ya kwanza. Anafungwa nira na mzee aliyekwisha zoea, wanatembezwa tu, hawalimi. Unamwita jina lake kila saa. Akishtuka, humchapi, unasimama na kumshika mpaka atulie, maana ukimchapa wakati ameogopa, hofu hiyo itabaki naye na utaikuta katikati ya shamba siku una haraka. Baba alikuwa mkali sana kwa hilo. Mtoto aliyempiga maksai mwenye hofu alikuwa haendi naye shamba tena.

Sasa angalia farasi wa Red Dead Redemption 2 akiona nyoka au mbwa mwitu. Anainuka, anakutupa chini, anakimbia. Mdogo wangu alikuwa anakasirika na kumpiga mijeledi. Nikamwambia bonyeza ile fimbo ya kushoto ya pedi, mpigepige shingo, ongea naye, kisha mzungushe mbali na nyoka. Na kadiri ukaribu unavyopanda ndivyo hofu inavyopungua. Waliotengeneza gemu lile walikaa na wanyama, hilo nalisema bila wasiwasi.

Dogo Buzuruga:
Shikamooni wakubwa. Sisi hatuna mashine nyumbani, tunacheza kibandani kwa kulipia muda. Tulikuwa washikaji kadhaa tukachanga, tukawa na sevu moja na farasi mmoja. Tukakubaliana: kila anayeshika pedi, kabla ya misheni lazima amlishe na amsugue. Wateja wengine walikuwa wanasema tunapoteza hela, eti dakika tunazolipia zinaishia kwenye brashi. Lakini tulimfikisha levo 4, na wakati huo pale kibandani hakuna mwingine aliyekuwa naye wa hivyo.

Halafu jamaa mmoja ambaye si wa kundi letu akafungua sevu yetu, akamrusha farasi kutoka juu ya mwamba na gemu likajisevu lenyewe. Tulipokuja tumekuta tandiko tu. Farasi mpya, levo ya kwanza. Mshikaji wetu mmoja alitoka nje, hakuongea na mtu mpaka jioni.

Tulianza upya. Wakuu, kuna namna ya kuzuia hiyo?

Mdau wa Kirumba:
Pole sana dogo, hiyo inauma. Mambo mawili. Kwanza, msitegemee gemu lijisevu lenyewe. Kabla ya kuondoka ingia kwenye menyu, sevu kwa mkono, na mbadilishe nafasi kila mara, ili ya jana ibaki hata ya leo ikiharibiwa. Ongeeni pia na mwenye kibanda awafungulie akaunti yenu peke yenu. Pili, pale zizini wanauza dawa ya kumfufua farasi. Aliyeanguka bado anahema unaweza kumrudisha akiwa na levo zake zote, mradi dawa iko mfukoni. Nunueni kabla ya kitu kingine chochote, hata risasi.

Bint Nyegezi:
Mimi wangu ni tai. Assassin's Creed Origins ya 2017, kule Misri ya kale, Bayek, yule unayemcheza, ana tai anaitwa Senu. Unamrusha, unaona kwa macho yake, anakuonyesha maadui wako wapi kabla hujasogea.

Mwanzoni nilikuwa namwona ni wa kawaida, anapita juu ya ngome na ananionyesha vitu vichache tu. Nikaja kuelewa kwamba macho yake yanakua kila unapopanda minara na vilele vile vya kutazamia mbali, ukafika juu kabisa na kubonyeza ile ya "synchronize". Kuanzia hapo niliacha misheni. Nilikuwa naingia kwenye eneo jipya, kwanza napanda. Watu wengi wanaziona zile sehemu ni za kurahisishia safari tu, wakati ndiyo chakula chenyewe cha Senu. Ukifungua nyingi, ngome ambayo ilikuwa inakusumbua unaikuta imeandikwa yote mbele yako: nani yuko juu ya ukuta, nani yuko ndani.

Nikiwa Mwaloni, pale soko la samaki, nawaangalia mwewe wanavyozunguka juu ya dagaa waliotandazwa. Hawashuki hovyo. Wanazunguka, wanazunguka, halafu mmoja anateremka pale pale alipopakusudia. Waliomtengeneza Senu wamewaelewa wale ndege vizuri sana.

Mzee wa Igoma:
Vijana, nami nina wangu. Metal Gear Solid V, ya 2015. Nilikuwa nacheza usiku, mwanangu wa darasa la pili amekaa pembeni. Tuko Afghanistan, nimejikunja kwenye majani nalenga, yeye ananiambia, "Baba, kuna mbwa analia." Mimi nilikuwa sijasikia kitu. Nikapunguza mwendo, kweli, kuna kitoto cha mbwa peke yake porini kinabweka.

Unakifunga puto, kinapaa, kinapelekwa kambini. Kuanzia siku hiyo mtoto hakuuliza habari ya vita tena. Kila jioni: mbwa amekua? Maana hakui kwa kulipiwa, anakua kadiri wewe unavyoendelea na misheni, huku Ocelot, mwenzako wa kambini, anamlea na kumfundisha. Siku alipotokea amekuwa mkubwa, amefunikwa jicho moja, mwanangu alisimama juu ya kochi.

Kwenye vita anawanusa maadui na kukuwekea alama walipo. Ukaribu ukipanda unaweza kumtengenezea mavazi mapya: la kumbebesha kisu, la kupiga shoti ya umeme, la kumfunga adui puto. Sisi tulibaki na lile la shoti. Mtoto hakutaka mbwa aue, na mimi nikaona ana haki ya kusema, kwani ndiye aliyemsikia.

Dogo Buzuruga:
Shikamoo mzee. Hiyo nimeisoma mara mbili.

Mzee wa Igoma:
Marahaba mwanangu. Mwendelee na farasi wenu.

Mtu wa Musoma:
Chop, yule mbwa wa Franklin kwenye GTA V, jamani! Enzi zile unamfundisha kwa programu ya simu, iFruit. Unamlisha, unamnywesha, unacheza naye, na ukija kwenye gemu Franklin anakuta mbwa mwenye adabu. Usipomjali anakuwa msumbufu. Iliondolewa 2022 na bado naikosa.

Mama Wawili Ilemela:
Naomba msaada. Vijana wangu wanacheza Far Cry Primal, dubu wao anakufa kila vita, nyumba nzima kelele.

Bint Nyegezi:
Mama, waambie wafanye hivi. Dubu akijeruhiwa wamsogelee wamlishe nyama pale pale, wasisubiri vita iishe, kwa hiyo watembee na nyama mkobani muda wote. Akifa hajapotea, anarudishwa kwa majani mekundu kupitia menyu ya wanyama, basi wayachume kila wanapoyaona. Na wamkamilishie Tensay, yule mganga, kazi zake mapema, maana ujuzi wote wa kufuga unatoka kwake, ukiwemo wa kumpanda dubu mgongoni.

Mama Wawili Ilemela:
Asante mwanangu. Mkubwa anasema majani wanayo tele, walikuwa hawajui ni ya nini. Ameshakimbilia kwenye mashine.