Naomba ushauri: nimsimulieje Esta kwa watoto bila kuwadanganya?

MamaNeema
Habari zenu wapendwa. Nafundisha Shule ya Jumapili, watoto wa miaka 8 hadi 11, na nimeanza kuwaandikia kijitabu cha mashujaa wa kike wa Wayahudi. Miriamu, Debora na Ruthu wamekwenda vizuri. Esta amenikwamisha. Niliandika kwamba alishinda shindano la urembo akawa malkia. Nikamsomea binti yangu wa miaka 9, akaniuliza: "Mama, yeye mwenyewe alitaka kwenda?" Nikarudi kwenye Biblia: alichukuliwa. Sikuwa na jibu. Halafu mwishoni kuna mauaji. Nifanyeje?

Bibi wa Kijijini
Mwanangu, mwambie ukweli kwa kipimo chake. Mfalme wa Uajemi alitoa amri, wasichana wakakusanywa Shushani, mji wake, hakuna aliyewauliza kama wanataka. Basi, inatosha. Ya usiku ataelewa akikua.

Uzuri wa sura upitie haraka. Kaa kwenye sura ya nne. Yatima aliyelelewa na binamu yake Mordekai anasikia kwamba watu wake wataangamizwa. Akiingia ua wa ndani bila kuitwa, sheria ni kifo, mfalme asipomnyoshea fimbo ya dhahabu. Na ana siku 30 hajaitwa! Anaogopa, tena anamwambia Mordekai hivyo waziwazi. Watoto waione hofu hiyo kwanza, ndipo "nikiangamia, na niangamie" itawaingia.

Msafiri77
Nilisoma Yerusalemu miaka kadhaa. Kule Purimu, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kisa cha Esta, huangukia tarehe 15 ya mwezi wao wa Adari, siku moja baada ya miji mingi. Kitabu chote cha Esta husomwa kwa sauti, na kila likitajwa jina la Hamani, yule mkuu wa mfalme aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watoto wanatikisa manyanga na kupiga miguu chini mpaka msomaji anasubiri. Kwenye kijitabu chako waachie watoto nafasi ya kupiga kelele hapo hapo.

Ombi moja, dada: mwache Esta awe Myahudi. Jina lake la kwanza ni Hadasa, na amri ya Hamani iliwalenga watu wake kwa sababu ya kabila lao na sheria zao. Hao watu wapo hadi leo na bado wanakisoma kisa hiki kama chao. Usimalizie kwa kumfanya mshirika wa kanisa lako.

MamaNeema
Asanteni sana. Na sura ya tisa? Waliouawa ni 75,000. Na Yaeli naye, aliyemuua jemadari Sisera kwa kigingi cha hema?

Mwl. Mstaafu
Sura ya tisa haieleweki bila ya nane. Amri iliyotiwa muhuri wa mfalme haikuweza kufutwa, kwa hiyo ikaandikwa ya pili kuwaruhusu Wayahudi kujitetea. Sema palipiganwa, watu wengi walikufa, na Wayahudi hawakugusa nyara. Hilo la nyara limerudiwa mara tatu. Idadi iache. Yaeli ningemsubirisha hadi miaka 12.

Bibi wa Kijijini
Mwalimu, kwa Yaeli sikubaliani nawe. Wavulana wanasimuliwa Daudi akimkata Goliathi kichwa wakiwa na miaka 5, hakuna anayeshtuka. Sisera alikuwa na magari ya chuma 900, akaitesa Israeli miaka 20. Waambiwe hayo kwanza.

Dada wa Pili
Ongeza binti za Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Wanasimama mbele ya Musa na wakuu wote kudai urithi, na Mungu anasema wamenena haki. Hamna damu hata tone, na mabinti zetu wana sababu ya kukisikia kisa hicho.

MamaNeema
Nimefuta ukurasa wa kwanza. Sasa unaanza hivi: "Hadasa hakuulizwa. Amri ilifika mlangoni, naye akachukuliwa." Nimemsomea tena binti yangu. Safari hii ameniuliza kama Mordekai alilia.

Msafiri77
Mwambie alikuwa akipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, ajue hali yake. Ipo sura ya pili.