Blastosisti za kloni na za IVF zinakaribiana kwa asilimia. Je, ubora ni sawa?

Mchunga_Mayai: Wakuu, naomba ushauri. Tunalinganisha viinitete vya ng'ombe vya kloni (seli ya fibroblasti, yaani ya tishu unganishi kama ya ngozi, ndani ya yai lililotolewa kiini) na vya IVF (yai kurutubishwa kwa mbegu nje ya mwili). Ovari ni zilezile, kimiminika cha kukuzia kilekile, nyuzi 38.5, kaboni dioksaidi 5%, oksijeni 5%. Siku ya 7 asilimia ya blastosisti (viinitete vilivyofika hatua ya kifuko chenye majimaji) inakaribiana. Niandike kwamba ubora ni sawa?

Darubini: Kwanza tuambie umegawanya kwa nini. Kwenye IVF mayai yote yanaingia kwenye hesabu, hata ambayo hayajakomaa. Kwenye kloni umeshachuja: yenye polabodi tu (kijiseli kinachoonyesha yai limekomaa), kisha yaliyonyofolewa kiini, kisha yaliyoungana na seli baada ya kupigwa umeme. Chukulia mayai 100: yenye polabodi 70, yaliyoungana 50, blastosisti 15. Ni 30% ya yaliyoungana, lakini 15% ya mayai uliyoanza nayo. IVF ikikupa 30 kwa 100, utaona usawa ambao haupo. Andika hesabu zote mbili.

Mchunga_Mayai: Duh, kweli nimegawanya kwa yaliyoungana. Na muda je? Zote nazisoma baada ya saa 168.

Pipeti_Kali: Kuanzia wapi? Kloni huamshwa zote kwa pamoja ionomisini (kemikali ya kuliamsha yai lianze kukua) ikiingia, na hapo ndipo saa sifuri, si kwenye umeme. Mbegu za dume huchukua saa kadhaa kupenya, kwa hiyo IVF iko nyuma kidogo. Linganisha blastosisti zilizofikia hatua moja, iliyotanuka kwa iliyotanuka.

Ongeza kundi la tatu: mayai yenye polabodi, kiini chake kikiwa ndani, yaamshwe bila mbegu. Ionomisini mikromola 5 kwa dakika 5, kisha 6-DMAP (kemikali ya kukamilisha uamshaji) milimola 2 kwa saa 4. Hili likifa pia, kagua uamshaji, mafuta ya kufunika kimiminika au inkubeta. Likistawi na kloni zikafa, kagua seli za mtoaji au mkono wako.

Na ukihakiki kwa Hoechst (rangi inayong'arisha DNA) kwamba kiini kimetoka, mulika kipande kilichonyonywa kwenye pipeti, usimulike yai. Mwanga wa UV unaliumiza.

Kondo: Idadi ya seli pekee haitoshi. Hoechst kwa seli zote, kisha protini za utambulisho: CDX2 kwa tabaka la nje, SOX2 kwa kundi la ndani, kisha tazama uwiano. Hata uwiano ukiwa mzuri, usitangaze usawa. Fibroblasti huja na alama za methili (vibandiko vya kemikali kwenye DNA) za kazi yake ya zamani, na yai lina muda mfupi wa kuzifuta kabla jeni za kiinitete hazijawaka kwenye seli 8 hadi 16. DNA ya mbegu imefungwa kwa protamini, kifurushi ambacho yai limezoea kukifungua. Alama zisipofutika vizuri, mara nyingi kondo la nyuma ndilo linaloathirika: vifungo vyake (mahali linaposhikana na mji wa mimba) vichache na vikubwa mno, maji kujaa, ndama kuwa mkubwa kupita kiasi. Mimba nyingi za kloni huharibika kati ya siku ya 30 na 90. IVF nayo huleta ndama wakubwa wakati mwingine, hasa seramu ikitumika kukuzia. Kama mtapandikiza, pimeni kwa ultrasaundi siku ya 30, 60 na 90, si mara moja tu.