Antibodi ya hCG inatoa rangi hata kwa wasio na mimba, nakosea wapi?

mgeni_wa_pipeti:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada, wiki ya pili hii nimekwama. Natengeneza ELISA (kipimo cha antibodi kinachotoa rangi) ya kupima hCG, ile homoni ya mimba, kwenye seramu (majimaji ya damu), ni ya utafiti tu si ya wagonjwa, sasa sampuli za wajawazito zinatoa rangi safi kabisa ila za kina mama waliokoma hedhi nazo zinageuka njano, tena njano ya kukolea, wakati vishimo vyenye bafa tupu ni vyeupe pe. Nimeosha mara 3, nikaosha mara 5, nikabadilisha BSA (protini ya kuziba nafasi tupu kwenye kisahani), wapi! Au antibodi imeharibika?

Kisahani96:
Haijaharibika, ingeharibika hata wajawazito usingewaona. Soma karatasi iliyokuja na kichupa, inashika alfa au beta? Maana hCG ina vipande viwili, na ile alfa ya amino asidi 92 ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye homoni nyingine za LH, FSH na TSH. Mama aliyekoma hedhi LH na FSH zake ziko juu sana. Antibodi inafanya kazi yake, wewe ndio umeituma kusiko.

mgeni_wa_pipeti:
Duh. Antibodi ya kukamatia ni monokloni (ya aina moja tu) ya alfa, ya kutambulia ni polikloni (mchanganyiko wa antibodi) ya sungura aliyechomwa hCG nzima.

Mama Bafa:
Basi mdogo wangu umeacha milango yote miwili wazi. LH inanasa kwa alfa, halafu polikloni nayo inaipokea kama ndugu. Hilo tatizo liliwasumbua watu miaka mingi, mpaka 1972 Vaitukaitis, Braunstein na Ross walipotoa kipimo cha antisera (seramu yenye antibodi) dhidi ya beta. Wewe tafuta monokloni ya mkia wa beta, kwa sababu beta ya hCG ina amino asidi 145 na ya LH ina 121, ule mkia wa mwisho LH haina kabisa. Ya kukamatia unaweza kuibakiza, mradi hizo mbili zisigombanie sehemu moja. Ila usitegemee sifuri tupu kwa hao kina mama, tezi ya pituitari nayo hutoa hCG kidogo baada ya hedhi kukoma.

Kisahani96:
Na kabla hujanunua chochote weka LH safi kwenye kishimo kimoja, bila hCG. Halafu zile za mimba ya wiki 8 hadi 11 zimua kwanza, hCG ikizidi sana inajaza antibodi zote mbili kila moja kivyake, sandwichi ya antibodi mbili na hCG katikati haifungi, unasoma namba ndogo unadhani mimba changa.

mgeni_wa_pipeti:
Nimeweka LH leo asubuhi. Njano tupu, hata dakika 10 haikufika 😭 Kloni ya mkia nishaagiza. Ile sampuli ya wiki 10 niliyoiandikia "imeharibika" nimeenda kuifukua kwenye friza, naizimua 1 kwa 100 sasa hivi.