Watengenezaji wa gemu, acheni kututegulia mafumbo kabla hatujafikiri!

Wakuu, nimevumilia kwa muda mrefu, lakini sasa uvumilivu umenishinda. Nafungua uzi huu kuwalalamikia watengenezaji wa gemu kubwa za siku hizi, ambao wanatuuzia mchezo kwa bei ya juu, kisha wanatunyima kile hasa kinachoufanya mchezo ukumbukwe miaka na miaka, yaani nafasi ya kukwama, kuumiza kichwa na hatimaye kugundua jambo kwa akili zetu wenyewe.

Kilichonipandisha hasira ni gemu moja mpya ambayo sitaitaja jina. Mhusika wangu aliingia katika pango lenye daraja lililoinuliwa, gurudumu la maji lililoganda kwa barafu, na mnyororo uliopita juu darini ukaishia nyuma ya nguzo. Lilikuwa fumbo zuri, lililopangwa na mtu anayeijua kazi yake. Kabla sijazungusha kamera kutazama pango zima, mwenzangu wa safarini, yule anayeendeshwa na kompyuta, akaropoka kwamba barafu ile huenda ikayeyuka nikiirushia moto. Nikajipa moyo kwamba amesema mara moja, ataishia hapo. Nilipokuwa bado natafuta mahali pa kusimama ili niulenge mnyororo, akaongeza kwamba mnyororo nao unaonekana umechakaa. Daraja likashuka, muziki wa ushindi ukapigwa, nami nikabaki nimeshika padi bila kujua ninashangilia nini. Ni sawa na kutegewa kitendawili na mtu ambaye hakungoji hata ushindwe, anakitega na kukitegua kwa pumzi ileile.

Nilikwenda kwenye mipangilio nikazima vidokezo vyote. Mishale na alama zikapotea kwenye skrini, lakini yule bwana hakunyamaza, kwa sababu maneno yake yamehesabiwa kuwa mazungumzo ya hadithi na si vidokezo. Nikawaandikia watengenezaji kupitia huduma kwa wateja. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa kuwa mchezaji mwaminifu, likanishauri niizime mashine na kuiwasha upya. Hivi kweli, mtu analalamikia mdomo wa mhusika, ninyi mnamwambia awashe upya mashine?

Kwa wale watakaosema ninakuza mambo, ngoja niwaeleze ni kitu gani hasa ninachodai kinaibwa. Tukio ninalolipenda kuliko yote katika gemu zote nilizowahi kucheza limo ndani ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka mwezi Machi 2017. Kusini-mashariki kabisa mwa ramani, baharini, kuna kisiwa kiitwacho Eventide. Hakuna anayekutuma kwenda huko. Unakiona kwa mbali, unajiuliza kuna nini, unatafuta namna yako ya kuvuka maji. Ukishakanyaga mchanga wake tu, sauti isiyo na mwenyewe inakutangazia jaribio, na kila kitu ulichokichuma katika safari nzima kinatoweka: panga, ngao, pinde, mavazi, hata chakula ulichojipikia kwa ajili ya siku ya shida. Link, yule mhusika unayemwendesha, anabaki na nguo ya ndani, na amri ni moja tu, kwamba mipira mitatu ifikishwe kwenye vituo vyake.

Baada ya hapo gemu inanyamaza, na utamu wote uko katika ukimya huo. Niliokota tawi la mti, nikajificha nyuma ya mwamba kuwapeleleza maadui kambini kwao, nikasubiri walale ndipo niibe silaha zao. Mpira mmoja ulikuwa umening'inia shingoni mwa Hinox, jitu la jicho moja lililokuwa likikoroma katikati ya kisiwa. Nilizunguka jitu lile kwa muda mrefu huku nikipanga, nikipangua, nikihesabu mishale michache niliyoiokota, hadi nikakata shauri kulipiga jichoni na kukimbia. Hekalu lilipochomoza kutoka ardhini na vitu vyangu vyote kurudi, nilihisi nimekichuma upya kila kimoja. Sasa jaribuni kufikiria tukio hilohilo kukiwa na mwenzako pembeni anayesema, "Nadhani jicho lake ndiyo sehemu dhaifu." Lingebaki nini la kusimulia?

Wala msiniambie kwamba mchezaji asiposemeshwa atapotea. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 inaanza na kile kiuyoga chenye uso wa hasira, Goomba, kikikujia kutoka kulia, na hakuna maandishi yoyote yanayokuambia uruke. Unagongwa, unakufa, unaanza tena, umeshajifunza. Outer Wilds ya 2019 imejengwa yote juu ya jambo hilo: jua linalipuka baada ya dakika 22, unarudishwa mwanzo, na mali yako ya maana ni kile ulichokwisha kukielewa. Mtu akikutangulia kusema, amekumalizia gemu.

Najua wapo wenye muda mfupi wa kucheza, na wapo wanaohitaji msaada ili waweze kucheza kabisa. Hao wana haki yao, na sidai vidokezo vifutwe. Ninachodai ni swichi inayofanya kazi. Shadow of the Tomb Raider ya 2018 ilitenganisha ugumu wa mapigano, wa uvumbuzi na wa mafumbo, kila mmoja na kiwango chake, kwa hiyo hoja ya kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi ni uongo mtupu. Wanaweza, wanachoogopa ni mchezaji kuchoka na kuizima gemu, kwa hiyo wameona afadhali wamlishe kila jibu.

Basi naomba tusaidiane. Anayejua gemu mpya ambayo wahusika wake hunyamaza kweli ukizima vidokezo aitaje hapa, na zile ambazo hazinyamazi zitajwe vilevile, ili atakayenunua ajue anachonunua. Ila tafadhali, mtakapotaja, msisimulie majibu ya mafumbo yaliyomo.