Kofia yangu nyeusi imepauka, nitie rangi nyumbani au nitaiharibu?

Mtembea Juani:
Wakuu, habari zenu. Nina kapelo nyeusi nimeivaa juani miaka minne. Juu imekuwa rangi ya kutu, lakini chini ya mdomo bado nyeusi ti. Mbele ina nembo nyeupe iliyodariziwa. Lebo ilishafutika, sijui ni kitambaa gani. Nimeshanunua pakiti moja ya rangi ya unga, ile ya kuchemsha na chumvi. Kesho naitumbukiza sufuriani. Nisemesheni kabla sijawasha jiko.

Bibi Uzi:
Usiwashe. Kwanza geuza kofia, chomoa nyuzi mbili tatu za kitambaa chenyewe, si uzi wa cherehani. Zishike kwa kibanio, zichome juu ya sahani. Zikinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba. Zikiyeyuka na kuganda kidonge kigumu, ni poliesta, na hiyo pakiti yako itamwagika yote na maji ya kusuuzia. Poliesta ina rangi zake, na zinataka maji yanayokaribia kuchemka.

Kiraka:
Mnamchosha bure. Dawa nyeusi ya viatu na brashi, dakika tano, kwisha habari.

Bibi Uzi:
Kwisha habari ya paji la uso wake! Dawa ya viatu inakaa juu ya kitambaa tu. Jasho likianza kushuka utamkuta na masizi mpaka kwenye nyusi.

Fundi Mstaafu:
Mtoa mada, kitambaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ule mdomo. Kofia za zamani nyingi zina kadibodi ndani: ikilowa inavimba na hairudi ilivyokuwa. Za siku hizi ni plastiki, na plastiki ukiichemsha inaweza kujipinda. Ugonge kwa ukucha, usikilize.

Ikiwa ni pamba, achana na sufuria. Tafuta rangi ya maji baridi, ile inayoshikishwa kwa magadi soda (ya kutengenezea sabuni, si ya kuumulia unga). Fua kofia kwanza, hasa mkanda wa ndani, maana penye mafuta ya kichwa rangi haiingii, utabaki na mabaka. Ikiwa bado mbichi, paka kwa sponji, sehemu moja moja. Kisha ifunike kwa mfuko wa plastiki ilale hivyo usiku kucha. Ikikauka mapema, rangi inaacha kufanya kazi. Na vaa glovu, mimi kucha zangu zilikaa bluu wiki nzima.

Nyeusi inakula rangi kuliko nyingine zote. Ukibana kipimo utapata kijivu chenye zambarau.

Mama Pili:
Na siki je? Mimi huwa naweka siki ili rangi isichuje.

Fundi Mstaafu:
Siki ni ya sufu na hariri, dada, tena kwa rangi zinazohitaji asidi. Kwenye pamba haishikishi kitu. Na kwa rangi hii ya magadi ndiyo inaharibu kabisa, kwa sababu siki inaua nguvu ya magadi.

Mtembea Juani:
Mrejesho. Nyuzi zilinuka karatasi, mdomo ni plastiki. Nilifuata ya Fundi, nikasuuza mpaka maji yakawa meupe (nilihesabu beseni tisa, nikaacha kuhesabu), nikaikausha kivulini juu ya bakuli lililofunikwa ili isipoteze umbo. Wakuu, nyeusi kama mpya! Nembo ilikuwa ya kijivu nikaingiwa na baridi, ila ilitakata kwenye kusuuza. Kasoro ni moja: nyuzi za mishono hazikushika hata kidogo, zimebaki za kutu, sasa ndiyo zinaonekana zaidi.

Bibi Uzi:
Hizo ni poliesta, kofia nyingi za pamba hushonwa kwa uzi huo. Chukua kalamu ya wino wa kudumu ya kuandikia kwenye kitambaa, pitisha juu ya mshono taratibu. Siku mbili tatu za mwanzo usiivae na shati jeupe.

Kiraka:
Kuuliza tu, kwa niaba ya rafiki. Dawa ya viatu inatokaje kwenye kofia?