Steshenari zetu nazo zinaelekea kulekule kwa WHSmith?

MzeeWaNgarenaro: Wakuu salaam. WHSmith ya Uingereza, wale wauza magazeti, vitabu na steshenari, 2025 imeuza maduka yake yote ya mitaani, kama 480 hivi, kibao kikang'olewa sasa yanaitwa TGJones. Biashara ya tangu 1792 hiyo! Wenyewe wamebaki na viwanja vya ndege, stesheni za treni na hospitali. Mimi nina steshenari hapa Arusha, daftari, kadi, karatasi za kufungia zawadi, na kijana wangu ananiambia baba geuza hiki kibanda kiwe cha uwakala wa kutuma hela. Nauliza kistaarabu, nimsikilize?

FundiKopi: Steshenari imerudi stesheni 😂😂 mzee hao si ndo walianzia stesheni ya Euston, London, 1848 wakiwauzia magazeti abiria wa treni, wamerudi nyumbani tu. Wewe shukuru uko Chuga, ungekuwa Moshi ungeshafunga zamani, meku zawadi yake ni hela kwenye bahasha ya kaki, tena bahasha yenyewe imeshatumika

KiboshoJuu: Ya kaki ndiyo, ila ndani ina kitu. Nyie machalii mnakuja harusini mikono mifukoni halafu wa kwanza kwenye foleni ya msosi. Na usipotoshe watu, Euston ni kibanda chao cha kwanza cha stesheni tu, duka lilianza 1792 kama mzee alivyosema. Mwenye duka mwenyewe alifariki miezi michache baada ya kufungua, mkewe Anna ndo akalishika mpaka alipokufa 1816.

MamaWatatu: Asante kwa huyo Anna, maana humu mnaongea kama maduka yanaendeshwa na wanaume. Mzee wangu shikamoo, simu haikuui wewe, kinachokuua ni shule. Ya wanangu (siitaji) Januari inataka rimu kwa kila mtoto, nina watatu, na lazima uzinunue palepale ofisini kwao kwa bei yao, sasa mimi steshenari nakuja kufanya nini, kunusa gundi?

FundiKopi: Mikono mifukoni?? Kibosho nimeprinti kadi za mchango za watu wa Moshi miaka na miaka, mnaagiza 200 mnalipia 150, hizo 50 eti "Mangi ongezea kama nyongeza ya nyanya"

Mpita_Njia: Paperchase nao, wauza kadi na karatasi hukohuko Uingereza, waliishia 2023, maduka zaidi ya 100, jina likachukuliwa na Tesco, supamaketi. Walikuwa na karatasi nzuri mno.

KiboshoJuu: Kadi za karatasi nani anachapa siku hizi, zinatumwa WhatsApp.

MamaWatatu: Ya WhatsApp mimi siichangii. Mtu hajui hata nyumba yangu ilipo, anabonyeza tu inaenda kwa watu mia tatu, halafu keshokutwa kamati inanipigia simu "mama ahadi yako". Niletee kadi mlangoni, ukae, unywe chai, hapo nitakupa elfu hamsini bila kinyongo.

KiboshoJuu: Mama na mafuta ya kukuletea hiyo kadi utachangia wewe?

MamaWatatu: Ndo maana wakasema bahasha imetumika mara mbili 😏

MzeeWaNgarenaro: Marahaba binti yangu. Kwa hilo la kadi niko na wewe, zamani Desemba nilikuwa naagiza kadi za Krismasi boksi kwa boksi, watu wanachagua nusu saa wanasoma maneno ya ndani, wengine walisoma zote hawakununua hata moja. Sasa hivi zilizobaki zimekuwa njano. Ila niliuliza habari ya uwakala jamani.

FundiKopi: Mzee weka vyote, kona moja hela kona moja daftari, na printa usiuze hata siku moja. Watu wanaweza kukosa kadi, kivuli cha cheti hawakosi.

KiboshoJuu: Fundi, tuache utani kidogo. Kadi za mwaliko, double, 150, unafanya bei gani? Dada anaolewa Desemba.

FundiKopi: 150 au 200? Na unalipa kwanza, meku.